Manowari ya rafiki haiji na hakimu ndani

Watu wa Kigamboni tunaijua hii vizuri, meli kubwa ikiwa inaingia bandarini pantoni inasubiri, haina mjadala, uwe unawahi msiba au unawahi mechi utakaa hapo hapo hadi ipite. Sasa Aprili 2025 tulikuwa tumesimama hivyo jioni moja, bodaboda wamezima injini, wamama wametua ndoo zao za samaki waliotoka kununua Feri, ikapita meli moja ya kijivu ndefu ina mizinga kwa mbele. Kijana mmoja wa boda akasema kwa kujiamini kabisa, Wamarekani hao. Mama mmoja akamkata, Wamarekani wapi, bendera huioni, hao Wahindi. Pembeni kulikuwa na mzee wa makamo, mikono ile ya mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote, akauliza, "Wanakuja kufanya nini?" Akajibiwa zoezi. Akauliza tena, "Zoezi la nini, mwanangu?" Hakuna aliyemjibu, pantoni ikaanza kutembea na watu wakarudi kwenye simu zao.

Zoezi lenyewe lilikuwa linaitwa AIKEYME, jeshi la wanamaji la India na JWTZ ndo wenyeji wenza, na nchi nyingine za Afrika zilikaribishwa, Kenya, Msumbiji, Komoro, Madagaska, Shelisheli, Afrika Kusini na wengine. Mada ilikuwa kupambana na maharamia, kupanda na kupekua meli, kuokoa watu baharini na kupeana taarifa. Hilo halikudondoka kutoka mbinguni, Rais Samia alipoenda New Delhi Oktoba 2023 nchi mbili zilipandisha uhusiano wao hadi ule wanaouita wa kimkakati, na ulinzi ulikuwa sehemu kubwa ya yale mazungumzo. Na kabla ya Wahindi, mwaka 2024 kati ya Julai na Agosti, walikuwa hapa hapa Wachina na zoezi lao la Amani-Umoja lililofanyika Tanzania na Msumbiji. Wachina nao si wageni jamani, kambi ya wanamaji Kigamboni ilijengwa kwa msaada wao mwanzoni mwa miaka ya 70, wazee wetu wanaikumbuka. Wamarekani wana lao linaloitwa Cutlass Express ambalo huzunguka huku kwenye pwani ya mashariki mwa Afrika. Yaani ukikaa pale ng'ambo na kikombe cha kahawa utawaona wote, zamu kwa zamu.

Mitandaoni watu wakiona picha za hizi meli mjadala unakuwa ule ule, oh tumeuzwa, oh Wachina wanataka bandari, oh Wahindi wanataka kumzunguka Mchina. Mimi sioni shida kuwa na marafiki wasiopendana wao kwa wao, kwa nchi isiyo na manowari kubwa hiyo ni akili tu, kila mmoja anakuja na kitu ili asipitwe na mwenzake. Ishu yangu ni nyingine. Ishu yangu ni lile swali la yule mzee, manake ukilifuatilia unakuta sehemu ngumu ya ulinzi wa bahari haipo baharini kabisa. Ipo nchi kavu, ipo kwenye makabati ya mafaili.

Nani anakumbuka samaki wa Magufuli?

Kwa wale vijana, Machi 2009 ilikamatwa meli ya uvuvi inaitwa Tawariq 1 ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi wa bahari, inavua bila leseni, ina jodari karibu tani 300. Marehemu Magufuli wakati huo alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi, na ndo pale wengi walianza kumjua yeye ni mtu wa namna gani. Lakini kitu ambacho watu wanasahau ni nani aliikamata. Ilikuwa doria ya pamoja, wakaguzi wa Tanzania, Kenya, Msumbiji na Afrika Kusini wakiwa juu ya meli moja ya doria ya Afrika Kusini inayoitwa Sarah Baartman. Hebu fikiria hilo, sisi hatukuwa na meli ya kufika huko mbali na kukaa siku kadhaa, rafiki akaleta chombo, sisi tukaleta sheria yetu na watu wetu, tukamkamata mwizi ndani ya shamba letu. Kama kuna siku ushirikiano wa ulinzi wa bahari ulifanya kazi kama inavyoandikwa kwenye hotuba basi ni siku ile. Meli ikaletwa Dar, samaki wakagawiwa kwa taasisi za umma, watu wakala jodari ambao wengine walikuwa hawajawahi kuwaona kwa ukubwa ule, hadi leo mtu akileta samaki mkubwa nyumbani utasikia utani, hawa wa Magufuli nini.

Sasa njoo nchi kavu. Kesi ikaenda miaka mitatu. Februari 2012 Mahakama Kuu ikamtia hatiani nahodha na wakala wa meli, faini za mabilioni au jela miaka mingi. Watu wakashangilia. Wakakata rufaa. 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta kila kitu, na haikusema hawakuvua, haikusema ile meli haikuwa kwenye maji yetu. Ilisema sheria inataka kibali cha DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, kabla mashtaka ya namna ile hayajafunguliwa na kibali hakikuwepo kama inavyotakiwa, kwa hiyo mwenendo wote tangu mwanzo ni batili. Karatasi moja! Meli ya Afrika Kusini imesafiri maelfu ya maili, wakaguzi wa nchi nne wametapika huko baharini, waziri amesimama kidete, na kilichoangusha kesi ni karatasi iliyotakiwa kusainiwa ofisini Dar es Salaam, mtu anaweza kwenda kwa miguu. Meli yenyewe ikaozea bandarini wakati kesi inaendelea.

Mimi hiyo kesi naiona ni somo zuri kuliko mazoezi yote niliyoyataja hapo juu. Kwenye zoezi mhalifu ni askari mwenzako aliyevaa kaptura, ukishampandia kwenye boti na kumfunga pingu wote mnacheka na zoezi linaisha, mnapiga picha. Kwenye bahari ya kweli kazi ndo inaanza pale pingu zinapofungwa, nani anaandika maelezo, kwa lugha gani, kielelezo kinahifadhiwa wapi, samaki wanaoza wanauzwa kwa amri ya nani, mkalimani wa Kichina anatoka wapi, na DPP anapigiwa simu saa ngapi.

Na si Tanzania peke yake, hata wakubwa waliumbuka hivi hivi kwenye maharamia wa Somalia. Wengi tunakumbuka MV Faina, ile meli iliyotekwa Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 ndani inakuja Mombasa, dunia nzima ikagutuka, vifaru vya nani? Kenya ikasema ni vya kwake, wengine wakasema ni vya Sudan Kusini, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Ikaachiwa Februari 2009 baada ya kulipwa mamilioni ya dola. Baada ya kutekwa kwake manowari zikamiminika, Umoja wa Ulaya ukaanza operesheni Atalanta mwezi Desemba 2008, NATO, Wamarekani, Wachina, Wahindi, Wajapani, hakuna aliyekosa. Lakini kumbe walikuwa wanawakamata maharamia halafu hawajui wawapeleke wapi! Wadenmark mwezi Septemba 2008 waliwakamata maharamia 10 kwa meli yao Absalon, wakakaa nao siku kadhaa wakipigiana simu na wanasheria, mwishowe wakawashusha ufukweni Somalia wakaenda zao. Manowari ya mabilioni inageuka kuwa daladala ya maharamia.

Kilichobadilisha hapo ni Mombasa. Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kwamba mtatuletea tutawahukumu, na Juni 2010 ikafunguliwa mahakama maalumu pale Shimo la Tewa kwa msaada wa ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu. Washukiwa zaidi ya 100 wakapitia mikononi mwa mahakama za Kenya. Shelisheli nayo ikafanya hivyo, visiwa vile vidogo. Na hata Mombasa haikuwa mteremko, mwaka 2010 hiyo hiyo Kenya ilisema imechoka kubeba mzigo wa watu ikatoa notisi ya kujitoa kwenye yale makubaliano, na Novemba jaji mmoja wa Mahakama Kuu akasema mahakama za Kenya hazina mamlaka ya kuhukumu makosa yaliyofanyika nje ya maji ya Kenya, ikabidi isubiriwe hadi Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani kuutengua ule uamuzi. Miaka miwili hiyo, ndugu zangu, mawakili wanabishana maana ya kifungu na huku baharini mashambulizi ya maharamia wa Kisomali mwaka 2011 yalifika 237. Mwaka 2013 yalikuwa 15 tu. Ni kweli walinzi wenye silaha waliopakiwa kwenye meli za mizigo walichangia sana, na manowari pia, sitaki kuwanyima haki yao, ila haramia akijua akikamatwa anaenda kukaa Shimo la Tewa badala ya kushushwa ufukweni hesabu yake inabadilika.

Wahindi waliisoma hiyo wakaielewa, na ndo sababu hawa jamaa nawaheshimu kwenye hili. Walitunga sheria yao ya kupambana na uharamia mwaka 2022. Desemba 2023 ikatekwa meli ya mizigo MV Ruen, wakati dunia yote macho yako Bahari ya Shamu kwa Wahouthi, waasi wa Yemen, maharamia wakaona mlango uko wazi. Machi 2024 wanamaji wa India wakaifuata, makomandoo wakarushwa kwa parachuti kutoka kwenye ndege wakadondokea baharini, operesheni ya saa 40 hivi, maharamia 35 wakajisalimisha na mabaharia 17 wakatoka wazima. Video zile kila mtu aliziona. Kipande ambacho hakikusambaa sana ni kile kilichofuata, wale 35 walipelekwa Mumbai wakakabidhiwa polisi, kwa sababu safari hii sheria ilikuwepo tayari inawasubiri. Mimi kipande kile ndo naona kitamu kuliko parachuti.

Kwenye unga hali ni mbaya zaidi. Heroini inatoka pwani ya Makran kule Iran na Pakistan inashuka na majahazi hadi kwetu, njia ambayo wenyewe wanaiita ya kusini. Aprili 2014 meli ya Australia HMAS Darwin ilikamata jahazi usawa wa Mombasa lina zaidi ya tani moja ya heroini iliyofichwa kwenye mifuko ya saruji. Tani moja! Lakini utaratibu wa kawaida wa hivi vikosi vya kimataifa huko bahari kuu ni kwamba mzigo unamwagwa baharini na jahazi na watu wake wanaachiwa waendelee na safari, manake mamlaka ya kuwashtaki hawana au hawataki kubeba huo mzigo. Kwa hiyo nahodha anarudi kwao, amepoteza mzigo wa bosi, labda atapigwa, halafu msimu ujao upepo wa kaskazi ukianza yuko njiani tena. Kila mara jahazi linabadilishwa jina. Na mtu aliyelipia ule mzigo, aliyekaa Dubai au Mombasa au Dar, hakuna aliyemuuliza hata saa ngapi.

Halafu kuna kitu kingine ambacho kwenye haya makubaliano ya ulinzi hakisemwi, nacho ni kwamba kwa mvuvi neno usalama wa bahari mara nyingi lina maana ya kukatazwa. Nenda Lamu. Pale kambi ya Manda Bay Wamarekani na Wakenya wako pamoja miaka mingi, Kenya ikaja kutangazwa mshirika mkubwa wa Marekani nje ya NATO mwaka 2024. Pamoja na yote hayo Januari 5, 2020 Al-Shabaab waliingia alfajiri, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Na kwa upande wa pili, kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kuvua usiku ni nini, kuna samaki ambao bila karabai na giza huwapati. Familia zimekaa na njaa ili bahari iwe salama. Salama kwa nani? Mshirika mkubwa ana radar na ndege zisizo na rubani, na bado suluhisho lililopatikana haraka ni kumwambia mwenye dau alale nyumbani.

Somalia yenyewe sasa imechukua njia yake. Februari 2024 walisaini na Uturuki mkataba wa miaka 10, Uturuki iwasaidie kujenga jeshi la majini na kulinda maji yao, na ilikuja wiki chache tu baada ya Ethiopia kusaini karatasi na Somaliland kutafuta njia ya bahari, kwa hiyo unaelewa haraka ile ilitoka wapi. Mwezi mmoja baadaye zikaja na saini za mafuta na gesi. Oktoba 2024 meli ya utafiti ya Uturuki, Oruç Reis, ikafika Mogadishu ikisindikizwa na manowari. Yaani umeajiri mlinzi wa geti, siku ya pili unamkuta ana sururu anapima pa kuchimba uani. Siwalaumu Wasomali hata kidogo, nchi ambayo maji yake yamevuliwa na kila mtu kwa miaka 30 ina haki ya kutafuta mlinzi popote, ila angalau hapo bei imeandikwa inaonekana. Kwetu sisi mara nyingi bei haionekani, tunaona tu bendi inapiga na maafisa wanabadilishana ngao za ukumbusho.

Ningekuwa mimi ndo nakaa kwenye ile meza ya mazungumzo, na najua sitakaa, nisingeomba manowari. Ukanda wetu wa kiuchumi una kilomita za mraba kama 223,000 na hakuna rafiki atakayezunguka humo kila siku kwa ajili yetu, hana hiyo sababu. Ningeomba vitu vya kuchosha. Ningeomba afisa wetu mwenye mamlaka ya kukamata awe juu ya kila meli ya rafiki inayofanya doria kwenye maji yetu, kama ilivyokuwa Sarah Baartman, na kama ilivyokuwa 2018 pale wanajeshi wetu walipokuwa kwenye meli ya Sea Shepherd, shirika la kutetea viumbe wa baharini, ikashikwa meli ya uvuvi Buah Naga 1 kule Mtwara na mapezi ya papa, na kesi ile ilifika hadi watu kutiwa hatiani. Ningeomba mafuta ya boti ndogo. Ningeomba waendesha mashtaka wapelekwe kusoma sheria za bahari, sio makamanda peke yao. Na ningetaka taarifa za setelaiti wanazoziona wao kuhusu meli zinazozima mitambo ya utambulisho ndani ya maji yetu tuzipate siku hiyo hiyo, tusizisome kwenye ripoti baada ya miaka miwili.

Hapa kwenye taarifa kuna kichekesho kidogo. Mwaka 2009 nchi za ukanda huu zilikubaliana kule Djibouti kupeana habari za maharamia, vikachaguliwa vituo vitatu, Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Sana'a ya Yemen! Mji uko milimani, zaidi ya mita 2,000 juu, bahari wanaisikia kwenye redio. Mwaka 2014 Wahouthi wakauchukua ule mji, na miaka michache baadaye wao wenyewe ndo wakawa wanarusha makombora kwenye meli. Makubaliano yakirekebishwa Jeddah mwaka 2017 yakaongezwa hadi uvuvi haramu na dawa za kulevya, kwenye karatasi yako vizuri sana.

Na kwa upande wetu wenyewe kuna usafi wa kufanya kabla ya kuita wageni. Hesabu walioko baharini, wanamaji wa JWTZ, polisi wanamaji, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo kule Zanzibar, TASAC wa mambo ya meli, mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu pale Fumba, TRA, mamlaka ya dawa za kulevya. Kila mmoja ana bosi wake, bajeti yake na waziri wake, na baadhi ni mambo ya Muungano na baadhi sio, ukiongeza hapo unaelewa kibali cha DPP kinaweza kupotelea wapi. Kenya waliamua 2018 kuunda walinzi wa pwani wao, wana matatizo yao nao lakini angalau mvuvi wa Kilindini anajua ampigie nani.

Tumeshawahi kuweza lakini. Wanaokaa pwani ya Dar, Tanga na Mtwara wanakumbuka milio ya baruti, asubuhi unakunywa chai unasikia puu, watu wanavua kwa mabomu mchana kweupe, miaka na miaka tukaona kama ni hali ya hewa. Kuanzia 2015 hivi kikaundwa kikosi kilichokusanya taasisi mbalimbali, polisi, uvuvi, misitu, waendesha mashtaka, wakakaa meza moja, wakaacha kumfukuza mvuvi mmoja mmoja wakaanza kuwafuata wanaouza baruti na viwasho. Ndani ya miaka mitatu ile milio ilipungua sana, kuna maeneo ilikata kabisa. Hakuna manowari iliyokuja. Hakuna bendi iliyopiga.

Yule mzee nilikutana naye tena Feri wiki kama mbili baadaye, anauza changu wadogo wadogo. Nikamwamkia, nikamwambia mzee lile zoezi lilikuwa la kukamata maharamia. Akacheka, akasema huko kwenye vina virefu yeye hafiki, ila usiku anaziona taa za meli kubwa kwa mbali zinavua, taa nyingi kama mji. Akaniuliza kama wale nao walialikwa kwenye zoezi.